Uzi: Kanuni za majaji wa Uswidi ziliandikwa na mhubiri wa Kilutheri. Imani yake ndiyo iliyozizaa, au kuna kingine?

#1 Damu_ya_Kamachumu

Wakuu, habari za jioni.

Ukifungua kitabu kikubwa cha sheria cha Uswidi, kile kinachochapwa upya kila mwaka na kukaa mezani kwa majaji na mawakili, kabla hujafika kwenye sheria za bunge unakutana na kurasa za kanuni za majaji zenye umri wa karibu miaka 500. Hazijawahi kupitishwa na bunge lolote. Ni zaidi ya 40, zimeandikwa kwa Kiswidi cha zamani, na wanafunzi wa sheria kule wanazijua. Mwandishi wake ni Olaus Petri, mtoto wa mhunzi wa Örebro, aliyezaliwa 1493 na kusoma Wittenberg wakati Luther ndio anaanza kutikisa Ulaya.

Ya kwanza inasema hivi, kwa maneno yangu: jaji akumbuke kwanza kwamba yeye ni mtumishi aliyewekwa na Mungu, kwamba kiti anachokalia ni cha Mungu wala si chake, na kwamba hukumu anayoitoa ni hukumu ya Mungu. Basi ajihadhari asije akaigeuza kuwa dhuluma.

Dai langu: bila imani ile ya Kikristo, kanuni zile zisingeandikwa. Huyu mtu alikuwa mwanahistoria, maana aliandika historia ya taifa lake, na alikuwa mtu wa sheria. Lakini mzizi ni Biblia. Naona siku hizi wanaomwandika wanamfanya mwanasheria mwenye busara tu, kama vile Mungu aliingia kwenye sentensi ya kwanza kwa ajili ya adabu. Inaniuma, kwa sababu sisi wa Kagera tumelelewa na kanisa lenye mkono wa Waswidi. Askofu wetu wa Bukoba kabla ya Josiah Kibira alikuwa Bengt Sundkler, Mswidi na mwanahistoria wa kanisa, na alimpisha Kibira mwaka 1964. Kwa hiyo habari za Uswidi kwetu si za mbali.

Karibuni.

#2 mtoto_wa_bandari

Naweka kambi hapa. Mleta uzi, hao wanaomwandika siku hizi uliowasema, leta nao tuwasome.

#3 WakiliWaMwanza

Mkuu Damu, uzi mzuri ila dai limekazwa mno. Tuzichukue kanuni zenyewe.

Mtu asiwe jaji wa kesi yake mwenyewe: hiyo ni ya Warumi. Haki ikibanwa mpaka mwisho inageuka dhuluma kubwa kuliko zote: iko kwa Cicero, mwanasheria wa Kirumi aliyekufa zaidi ya miaka 40 kabla ya Kristo. Jambo lisilo la haki wala la busara haliwezi kuwa sheria: Augustino alishasema maneno ya kufanana na hayo, na wanasheria wa kanisa la Roma wakayabeba karne zote za kati. Manufaa ya watu wa kawaida ndiyo sheria ya juu kabisa: Cicero tena.

Olaus Petri alisoma Uppsala, Leipzig na Wittenberg. Huko kote mwanafunzi alikuwa anakutana na misemo ya sheria kwa Kilatini kila siku. Alichofanya, na ndicho nimsifiacho, ni kuitoa kwenye Kilatini na kuiweka katika lugha ambayo mkulima aliyeketi kwenye baraza la mahakama angeielewa. Hiyo ni kazi ya mwalimu mkubwa. Ila usiniambie imani ndiyo iliyozaa misemo ya Cicero.

#4 Mwalimu_Usa_River

Bwana Yesu asifiwe ndugu zangu.

Wakili msomi, umeeleza vizuri maneno yalikotoka. Hujaeleza kwa nini yamepangwa vile yalivyopangwa. Cicero hakuanza na kiti cha Mungu. Soma 2 Mambo ya Nyakati 19, pale Yehoshafati anapowaweka waamuzi katika miji ya Yuda na kuwaambia waangalie wanachofanya, kwa kuwa hawahukumu kwa ajili ya mwanadamu bali kwa ajili ya Bwana. Weka kanuni ya kwanza ya Olaus pembeni ya mstari huo.

Halafu kuna Luther. Mwaka 1523 alitoa kitabu kuhusu mamlaka ya dunia, akifundisha kwamba Mungu anatawala kwa njia mbili: kwa Neno linalobadili moyo, na kwa serikali inayozuia uovu. Njia zote mbili ni zake. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kumtumikia Mungu kikamilifu aliambiwa aende utawani. Luther akasema hata mkata mashauri yupo kazini kwa Mungu. Sasa chukua fundisho hilo umpe kijana aliyerudi Uswidi mwaka 1518, ambaye baadaye atakaa kwenye ofisi za serikali. Atawaambia nini majaji? Atawaambia kile alichowaambia.

Kwa hiyo nasimama na mleta uzi, ila ningesema imani ya Matengenezo, yale ya kanisa aliyoyaanzisha Luther, si Ukristo kwa jumla. Padri wa mwaka 1400 angeandika vingine.

#5 BintiLindi_Stockholm

Habari zenu. Nimeishi huku muda mrefu, na huyu mzee namwona mara kwa mara, sanamu yake iko nje ya Kanisa Kuu la mji mkongwe, Storkyrkan, imewekwa tangu 1898. Naomba nirekebishe mawili matatu kabla hatujaenda mbali.

Anaitwa mhubiri, sawa, lakini muda mwingi wa maisha yake alikuwa shemasi tu. Uchungaji alibarikiwa mwaka 1539, akiwa na miaka 46, na uchungaji wa Storkyrkan akaupata 1543. Kazi iliyomlisha tangu 1524 ilikuwa ukarani wa mji wa Stockholm. Karani wa mji wakati ule si mpiga muhuri. Alikaa na baraza la mji likisikiliza kesi, akaandika mwenendo wake: wizi wa samaki, urithi uliogombaniwa, mtu kampiga mwenzake kwenye kilabu cha pombe, mjane kanyang'anywa nyumba. Miaka nenda rudi.

Pia mwaka 1531 mfalme Gustav Vasa alimfanya kansela wake, akadumu hadi 1533. Akafukuzwa, hakuwa na tabia ya kuficha anachofikiri.

Mimi naona jibu liko pale kwenye meza ya karani. Mtu aliyeona mashahidi wakiapa uongo, aliyeona maafisa wa mfalme wakikimbilia faini, anajua nini cha kumwonya jaji. Kanuni zinawasema waziwazi wanaoitafuta faini kuliko haki. Hilo hulipati Wittenberg.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui: alioa Februari 1525, bado shemasi, katikati ya Stockholm. Luther mwenyewe alioa Juni mwaka huohuo.

#6 mtoto_wa_bandari

Kumbe alimtangulia mwalimu wake madhabahuni 😂 Dada BintiLindi endelea kutupa.

#7 Kipara_Ngoto

Mnazunguka sana. Huyu mtu alihukumiwa kifo na mfalme wake. Ukishahukumiwa kifo kwa uonevu, ukitoka hai lazima uandike kitabu cha kuwaonya majaji. Mbona jibu liko wazi? Si Cicero wala Luther. Ni maumivu.

#8 WakiliWaMwanza

Kipara_Ngoto, hapo umegusa penyewe, ila tarehe zinakukwamisha. Kanuni hazina mwaka ulioandikwa juu yake. Wasomi wengi wanaziweka kati ya miaka ya 1530 na 1540, na hata jina lake wamelifikia zaidi kwa kulinganisha mtindo na mawazo na maandishi yake mengine. Kesi yake iliisha mwanzoni mwa 1540. Kama kanuni ziliandikwa 1535, maumivu hayakuwepo bado.

#9 BintiLindi_Stockholm

Nieleze hiyo kesi maana ina mengi.

Mwaka 1536 kulikuwa na njama mjini Stockholm ya kumuua mfalme kwa baruti kanisani. Ilifichuliwa, watu wakauawa. Baadaye ikatolewa hoja kwamba Olaus alisikia habari za njama katika maungamo akanyamaza. Zamu yake ikafika mwisho wa 1539, kesi ikasikilizwa Örebro, mji aliozaliwa. Alishtakiwa pamoja na Laurentius Andreae, mwenzake wa tangu siku za mji wa Strängnäs. Mwendesha mashtaka alikuwa Conrad von Pyhy, Mjerumani aliyekuwa kansela wa mfalme. Na kati ya waliokaa kuhukumu alikuwepo Laurentius Petri, askofu mkuu wa kwanza wa Kilutheri wa Uswidi, mdogo wake Olaus wa tumbo moja.

Tarehe 2 Januari 1540 wote wawili wakahukumiwa kifo. Mfalme akabadili iwe faini kubwa, na ya Olaus ililipwa na wenyeji wa Stockholm. Miaka mitatu baadaye yuko mimbarini Storkyrkan, akafa 1552 akiwa hapohapo.

Sababu ya kweli ya hasira ya mfalme wengi wanaiona kwingine. Mwaka uleule wa 1539 Olaus alichapisha mahubiri dhidi ya viapo vya matusi, na kila mtu alijua nani mjini aliyekuwa anaapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Mfalme naye alikuwa ameshamwandikia askofu mkuu kwamba ninyi mtakuwa wahubiri, si mabwana.

#10 Damu_ya_Kamachumu

Dada, asante sana. Sasa angalieni mlichokileta. Mtu anakaa na siri ya maungamo, anajua kunyamaza kunaweza kumkatisha kichwa, na ananyamaza. Hiyo ni sheria ya Roma? Hiyo ni meza ya karani? Karani mwenye akili ya ofisi angekimbia ikulu asubuhi yake. Nasisitiza, ukitaka kumwelewa huyu mtu wa sheria, anza na alichokuwa anaamini kuhusu Mungu.

#11 Shekhe_Mdogo_MSA

Assalaam alaykum. Mimi si Mkristo, lakini uzi huu umenikamata kwa sababu kanuni ya kwanza ni kama nimeisoma madrasa. Tuna hadithi mashuhuri ya Mtume kuhusu makadhi watatu: wawili motoni, mmoja peponi. Wa peponi ni aliyeijua haki akahukumu kwayo. Wa motoni ni aliyeijua akaiacha, na aliyehukumu kwa ujinga. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakiukimbia ukadhi kwa kuiogopa hadithi hiyo.

Nauliza kwa nia njema: kama hofu hii ipo kwa Yehoshafati, ipo kwetu na ipo kwa Mlutheri wa Uswidi, je, tuite imani ya Matengenezo kama alivyosema Mwalimu? Au ni hofu ya kila anayeamini kwamba kuna Hakimu juu ya hakimu?

#12 Mwalimu_Usa_River

Wa alaykum salaam Shekhe, swali zito na zuri. Hofu ya Mungu tunaigawana. Ninachoona ni cha pekee kwa Olaus ni namna anavyoiunganisha na mwananchi wa kawaida. Jaji anamwogopa Mungu, kwa hiyo hawezi kuishika sheria inayomuumiza mwananchi. Anafika mahali anasema sheria ikigeuka kuwa madhara basi si sheria tena, ifutwe. Na kwamba jaji mwema ni bora kuliko sheria njema, maana huyo ataipatanisha na mazingira, na jaji mbaya hata umpe sheria nzuri ataipinda. Nadhani hayo yanatoka kwa mtu aliyejifunza kwamba andiko lipo kwa ajili ya uhai wa watu.

#13 Historia_ni_Ushahidi

Nimesoma kimya, sasa niingie.

Mwalimu na Damu, mnaipamba imani ya Kilutheri kana kwamba ilizaa huruma peke yake. Nendeni mwaka 1608. Mfalme Karl IX alipoidhinisha sheria ya nchi ya mwaka 1442 ichapwe, aliambatisha nyongeza iliyotolewa kwenye Torati ya Musa. Uzinzi, kumkufuru Mungu, kumlaani mzazi: kifo. Sheria hiyo ikatumika mahakamani Uswidi na Finland. Walioiweka walikuwa Walutheri wenye Biblia ileile mkononi, vizazi viwili vitatu tu baada ya Olaus.

Na katika karne hiyohiyo ya 17 kanuni za Olaus zikaanza kuchapwa ndani ya vitabu vya sheria. Kwa hiyo jaji wa kijijini kule angeweza kuwa na kitabu kimoja chenye Olaus anayesema adhabu iwe ya kumrekebisha mtu, na Musa anayesema apigwe mawe. Imani ni moja. Sasa ipi imezaa nini?

Kilichookoa watu wengi ni taasisi. Mahakama ya rufaa ya Svea iliundwa 1614, na hukumu za kifo zilipaswa kupelekwa juu, ambako mara nyingi zilipunguzwa. Sifa nyingine wapewe makarani wa rufaa.

#14 Damu_ya_Kamachumu

Historia, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Lakini hao majaji wa rufaa waliopunguza adhabu walikuwa watu gani? Nao walikuwa waamini, na walipotafuta sababu ya kupunguza, walikuwa na kanuni za huyu mzee zinazosema rehema lazima iambatane na haki. Imani iligombana yenyewe kwa yenyewe ndani ya chumba cha mahakama. Kugombana hakuifanyi isiwe chanzo.

#15 Hakimu_Mstaafu

Nawasalimu wote. Nimekuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo mpaka nilipostaafu, na nataka kusema juu ya hiyo kanuni ya adhabu aliyoigusa ndugu Historia, kwa sababu ndiyo iliyonishika.

Olaus anasema adhabu iwe ya kumrekebisha mtu, na pale inapowezekana isiwe ya namna ya kumzuia asijirekebishe. Anatoa mfano wa watu wanaochapwa hadharani kwenye nguzo, wanakatwa masikio, wanafukuzwa mjini. Huyo mtu akienda mahali pengine akataka kuishi vizuri hakubaliki, alama iko kichwani kwake. Anakata tamaa, anakuwa mbaya kuliko mwanzo. Hayo kayaandika katika karne ambayo kukata masikio ilikuwa shughuli ya kawaida.

Niliwahi kuletewa kijana wa kuku, kosa la kwanza. Sungusungu walikuwa wameshamzungusha kijijini na manyoya shingoni kabla hajafika kwangu. Nilimpa kifungo cha nje. Haikusaidia. Kijijini hakuna aliyempa kibarua tena, na baada ya muda nikamwona kizimbani kwa kosa kubwa zaidi, mbele ya mwenzangu. Nimemkumbuka leo niliposoma habari ya masikio.

Kwa hiyo kwenye ubishi wenu mimi naegemea kwa BintiLindi. Mambo yale yanaandikwa na mtu aliyemwona mshtakiwa akirudi mara ya pili. Ila nakiri, kuna mahakimu wengi wamemwona akirudi na hawakuandika kitu. Kwa nini huyu aliandika? Hapo ndipo Damu anapopata nguvu.

#16 WakiliWaMwanza

Mheshimiwa, shikamoo. Bandiko hili lingetosha kuwa uzi wake.

Na kwa wanaoona haya ni mambo ya theluji: Katiba yetu, ibara ya 107A, inaiagiza mahakama itende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kuikwamisha haki. Sidai ilitoka Uswidi. Nasema Olaus angeisoma akaielewa bila mkalimani.

#17 Nyangumi_Turku

Moikka kutoka Finland. Ndugu yangu wa Stockholm kasahau kitu: hizi kanuni si za Waswidi peke yao. Finland ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi mpaka 1809, na hadi leo kitabu cha sheria cha huku kinazo, kwa Kifini na kwa Kiswidi. Yaani himaya ya tsar wa Urusi imepita, uhuru wa 1917 umekuja, vita vimepigwa, na yule mtoto wa mhunzi bado yumo.

Niulize la pembeni. Mleta uzi kamwita mwanahistoria. Kwa habari ya sheria au ya wafalme tu?

#18 Historia_ni_Ushahidi

Nyangumi, hapo ndipo pa kupasafisha. Olaus aliandika historia ya Uswidi hadi kwenye mauaji ya Stockholm ya Novemba 1520. Ni kazi ya ajabu kwa wakati wake, kwa sababu alikataa hadithi za fahari zilizosema Wagothi wa Uswidi waliitawala dunia. Alitaka ushahidi. Gustav Vasa hakuipenda, na haikuchapwa kitabu kizima mpaka 1818. Lakini historia ya sheria yenyewe, kama somo, Waswidi wengi wanaianzisha na Johan Stiernhöök, aliyetoa mwaka 1672 kitabu cha Kilatini kuhusu sheria za kale za Waswidi na Wagothi. Na aliyekusanya hati zote za sheria za kale ni Carl Johan Schlyter: mabuku 13, kuanzia 1827 hadi 1877. Miaka 50 ya kazi. Akafa 1888 na miaka 93.

#19 BintiLindi_Stockholm

Mabuku ya mwanzo Schlyter aliyatoa pamoja na H. S. Collin, tusimsahau. Collin alifariki 1833, ndipo Schlyter akabaki peke yake.

Na buku la kwanza ndilo lenye sheria ya jimbo la Västergötland, ya kale kuliko zote, ya miaka ya 1220 hivi. Unajua inaanzaje? Kristo ni wa kwanza katika sheria yetu. Kisha Ukristo wetu, kisha Wakristo wote: mfalme, wakulima, maaskofu na wasomi. Hiyo ni miaka 300 kabla ya Olaus, enzi za Papa. Kwa hiyo Mwalimu aliposema Mkatoliki angeandika vingine, ningependa kumsikia tena. Kumweka Mungu kwenye mstari wa kwanza lilikuwa desturi ya nchi. Pengine Olaus alifuata tu jinsi kitabu cha sheria cha Kiswidi kinavyofunguliwa.

#20 Mwalimu_Usa_River

Dada, kuna tofauti. Ile ya Västergötland inafungua sehemu ya sheria ya kanisa: ubatizo, jengo la kanisa, haki za padri. Kristo yupo mlangoni halafu ndani wanapanga habari za watu wa kanisa. Olaus anampeleka Mungu kwenye kiti cha jaji wa kesi ya ng'ombe. Ndiyo nguvu ya kile kitabu cha Luther cha 1523.

#21 Kipara_Ngoto

Mwalimu na 1523 yake ni kama Yanga na Jangwani 😂 Lakini kweli, naanza kukuelewa.

#22 Profesa_wa_Kahawa

Nichangie kwa upande mwingine kabisa. Kuna mtu anaitwa Axel Hägerström, mwanafalsafa wa Uppsala, alizaliwa 1868, akafa 1939. Baba yake alikuwa mchungaji, na yeye mwenyewe alianza chuo akisoma teolojia. Akaiacha, akaingia falsafa, akawa adui mkubwa wa kila wazo lisiloshikika. Aliichimba historia ya sheria ya Roma, akatoa kitabu 1927, akidai kwamba mawazo yetu ya haki na wajibu yana mizizi katika uganga wa kale: mtu aliyefungwa na deni alidhaniwa amefungwa na nguvu isiyoonekana. Wanafunzi wake, akina Vilhelm Lundstedt na Karl Olivecrona, waliitawala fikra ya wanasheria wa Uswidi kwa miongo.

Yaani nchi ileile, mtoto wa mchungaji, historia ileile ya sheria, na anafika upande wa pili kabisa. Kwake, jaji anayesema kiti chake ni cha Mungu anarudia maneno ya mganga. Ningetaka mleta uzi amjibu huyu, kwa sababu ndiye mpinzani wa kweli, si Cicero.

#23 Damu_ya_Kamachumu

Profesa, asante, nimemsoma kidogo. Najibu hivi. Wanafunzi wa Hägerström walishika vyuo, wakashika tume za sheria, wakaiondoa metafizikia, yaani mawazo yale yasiyoshikika, kila walipoweza. Kanuni za Olaus hawakuziondoa kitabuni. Kwa nini? Wangeweza kusema ni urembo wa kale. Lakini urembo huwa unawekwa makumbusho. Mimi naona majaji wenyewe walihitaji mtu wa kuwaambia kwamba kiti si chao. Sheria za bunge haziwezi kusema hivyo, maana bunge nalo lina kiti chake.

#24 Historia_ni_Ushahidi

Au zilibaki kwa sababu hazina nguvu ya kisheria. Kitu kisichomfunga mtu hakina anayekipinga. Hilo nalo ni jibu.

#25 Hakimu_Mstaafu

Ndugu Historia, maneno yasiyomfunga mtu kisheria ndiyo yaliyonifunga mimi zaidi kazini. Sheria nilikuwa na wakubwa wa kunisahihisha kwenye rufaa.

#26 mtoto_wa_bandari

Naomba kutoka nje ya mada kidogo. Nimetafuta jina la huyu mzee nimekutana na picha ya mji wa kale na mapete ya jua angani. Ndiyo yake?

#27 BintiLindi_Stockholm

Ndiyo. Tarehe 20 Aprili 1535 anga la Stockholm lilionekana na mapete ya mwanga na jua la ziada pembeni ya jua. Watu wakaogopa, wengine wakasema ni ishara dhidi ya mfalme. Olaus akaagiza ichorwe, akahubiri juu yake, na mfalme akakasirika. Picha ya asili imepotea. Inayoning'inia Storkyrkan ni nakala ya 1636. Ukifika Stockholm ipo, unaingia unaiona.

Kwa mada yetu ni muhimu, kwa sababu mtu yuleyule aliyetaka ushahidi kwenye historia alisimama mimbarini kusoma anga. Tusimgawe vipande viwili.

#28 Shekhe_Mdogo_MSA

Ahsante dada. Nina swali la mwisho kwa wakili na kwa Historia, kuhusu viapo. Mmesema alihubiri dhidi ya viapo. Mahakamani je? Huku kwetu mtu anashika msahafu au Biblia ndipo atoe ushahidi, na mara ngapi tumeona akiapa huku jirani zake wakiinamisha vichwa kwa aibu.

#29 WakiliWaMwanza

Shekhe, Uswidi ya zamani mshtakiwa aliweza kujitoa kwa kiapo akiwa na watu wa kumuunga mkono, kwa kawaida 12, ambao hawakuhitaji kuona tukio. Wanaapa tu kwamba kiapo cha mwenzao ni safi. Kanuni za Olaus zinamwonya jaji asimpe mtu kiapo ovyo ikiwa anaona ataapa uongo. Utaratibu wa waapaji ukafutwa mwaka 1695, zaidi ya miaka 140 baada ya kufa kwake.

#30 Mwalimu_Usa_River

Na hapo wakili msomi, Cicero hakusaidii. Sababu ya kumnyima mtu kiapo si kwamba ushahidi utaharibika peke yake. Ni kwamba unamsukuma mwenzako alitaje jina la Mungu kwa uongo, na nafsi yake inaangamia mbele yako ukimtazama. Huyo ni mchungaji anaandika, awe amebarikiwa 1539 au siku yoyote.

#31 WakiliWaMwanza

Mwalimu, kwa hili la viapo nakupa. Kwa mengine 40 bado nipo na Warumi wangu.

#32 Nyangumi_Turku

Nina nakala ya Kifini hapa. Kama mtu ana ya Kiswidi cha zamani, BintiLindi hasa, tuweke kanuni mojamoja kwa Kiswahili hapahapa kwenye uzi, na kila mmoja aseme imetoka wapi. Nipendekeze tuanze na ile ya mwizi na masikio, na Mheshimiwa Hakimu awe wa kwanza kuisoma.